Motisha Kazini: Wanayoyaamini Mabosi na Yanayotokea Kweli

Kwenye vikao vya mameneja, iwe Dar es Salaam au Nairobi, lalamiko ni lilelile: watu wetu hawana moyo wa kazi. Mapendekezo nayo ni yaleyale. Tulete mhamasishaji. Tuwapeleke Bagamoyo wikiendi moja wakavute kamba na kupewa fulana. Tuanzishe tuzo. Ni nadra mtu kupendekeza kwamba aulizwe mfanyakazi mwenyewe anakwama wapi, maana mezani wote wameshakubaliana kwamba ari ni mali ya bosi, naye huwagawia walio chini yake kadiri apendavyo. Wazo hilo moja limezaa dhana nyingine nyingi, na karibu zote zina gharama.

"Shida ni watu wenyewe, wavivu"

Anayeamini hivi angefaa akijue kiwanda cha magari cha General Motors kilichokuwa Fremont, California. Hadi kinafungwa mwaka 1982 kilikuwa na sifa mbaya kupindukia: siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano haonekani, wengine wanakunywa pombe zamu ikiendelea, na baadhi ya magari yanatoka na kasoro za makusudi. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota. Majengo yaleyale, chama kilekile cha wafanyakazi, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale waliopoteza kazi kilipofungwa. Haikupita miaka miwili, ubora wa magari yake ukawa unakaribia ule wa viwanda vya Toyota vya Japani, na utoro ukashuka hadi asilimia chache.

Kilichobadilika ni namna walivyotendewa. Mamia walipelekwa kwanza Japani kujifunza. Juu ya mstari wa kuunganishia magari ilifungwa kamba, na yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia, na tatizo lisipokwisha mstari unasimama. Zamani, kusimamisha mstari kungemtia mtu matatani. Kisha, mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, hakupunguzwa mtu. Waliokosa kazi mstarini waliingizwa kwenye mafunzo. Hili la mwisho mimi naliona zito kuliko kamba. General Motors walipojaribu kuuhamishia mtindo huo kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, ambako wafanyakazi na mameneja hawakuaminiana, haukushika, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, wa mwaka 1971 ulitamka kwamba ni mwiko kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyachukua maneno hayo kwa uzito wake wote, na katika migomo kadhaa iliyofuata malalamiko makubwa yalikuwa matusi na dharau za mameneja. Kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walikitwaa kiwanda na kuendelea kukiendesha. Mtu mvivu hagombei kiwanda.

"Pesa si kila kitu"

Kauli hii huipenda sana mwenye gari la kampuni. Mkono mtupu haulambwi, na Henry Ford alilijua hilo Januari 1914 alipotangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya malipo ya kawaida kiwandani kwake. Hadithi inayopendwa ni kwamba alitaka wafanyakazi wake wamudu kununua magari yake. Sababu iliyokuwa ikimuwasha ni kwamba watu walikuwa wanakimbia: mwaka 1913, ili abaki na watu kama 14,000, alilazimika kuajiri zaidi ya 50,000. Baada ya tangazo, wimbi la kuondoka likakatika. (Dola hizo zilikuja na wakaguzi waliofika hadi nyumbani kwa mfanyakazi kuangalia kama halewi na kama kwake ni kusafi. Wasimuliaji wengi husahau sehemu hiyo.)

Kwa hiyo, kabla ya kukodi mhamasishaji, bosi ajikague. Mshahara unatoka tarehe inayojulikana? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kila saa inayozidi hulipwa angalau mara moja na nusu. Kampuni inayoyeyusha ovataimu za watu, kisha ikawaitia semina ya ari hotelini, inawachekesha. Na wanacheka kweli, ila si mbele ya bosi.

Upande wa pili nao una haki yake. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, wakiwataka wasimulie lini walifurahi na lini waliumia kazini, katika utafiti uliotoka mwaka 1959. Visa vya furaha vilihusu zaidi kazi iliyofanikiwa na mtu kutambuliwa. Visa vya uchungu vilihusu zaidi sera za kampuni na wasimamizi. Wakosoaji walisema, na nadhani wana hoja, kwamba binadamu hujisifu kwa mazuri na kuwatupia wengine mabaya. Hata tukiupunguzia utafiti huo uzito kwa kiasi hicho, linabaki onyo kwamba bonasi haimtibu mtu aliyechoshwa na msimamizi wake.

Na kwa kuwa semina hazikosi piramidi ya mwanasaikolojia Abraham Maslow, ule mchoro wa ngazi za mahitaji ya binadamu unaoanzia chini na chakula: katika makala yake ya mwaka 1943 Maslow hakuchora piramidi yoyote, wala hakusema kwamba lazima mtu ashibe kabisa hitaji la chini ndipo alitamani la juu. Wanaompa mlinzi wa getini posho bila shukrani, kwa hoja kwamba yeye bado yuko ngazi ya chakula, wasimsingizie.

"Tuzo ya mfanyakazi bora itawaamsha wengine"

Kila Mei Mosi tunawaona, wamevaa fulana za maandamano, mkononi cheti na mfano wa hundi. Waulize wenzao ofisini. Usishangae kuambiwa mwaka huu ilikuwa zamu ya masjala, mwakani ni ya uhasibu. Tuzo ya zamu haimwamshi mtu. Lakini hata isiyo ya zamu ina mitego yake, na ushahidi wake hautoki mbali, unatoka Zambia.

Jijini Lusaka, wasusi na vinyozi walipewa kazi ya kuuza kondomu za kike. Baadhi yao walilipwa pesa kwa kila pakiti waliyouza. Wengine, kila walipouza, walibandikiwa nyota kwenye bango ndani ya saluni, mteja akiziona. Wa nyota waliuza takriban mara mbili ya wengine. Hapo mtu angesema basi, dawa ni sifa za hadharani. Utafiti mwingine wa nchini humohumo, kwa wanafunzi waliosomea uhudumu wa afya ya jamii, unatutaka tutulie kwanza: kutambuliwa na mwajiri kulipandisha matokeo, ilhali kulinganishwa wao kwa wao kuliyashusha, na walioumia zaidi ni waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwenye saluni za Lusaka kila mmoja alijaza nyota zake, na za jirani hazikumpunguzia kitu. Cheti cha mfanyakazi bora kiko kimoja tu, na idara nzima iliyobaki imejulishwa kwamba haikufika.

"Kiongozi wa kuhamasisha lazima awe na maneno"

Adam Grant, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza watu waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za Chuo Kikuu cha Michigan, kazi ya kukataliwa kutwa nzima. Kundi moja lilikaa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda zaidi ya mara mbili, na fedha walizokusanya zimeongezeka kwa asilimia 171. Hakuna meneja aliyehutubia. Karani wa bohari anayepakia maboksi ya dawa mwaka mzima bila kuiona zahanati hata moja, dira na dhamira zilizobandikwa ukutani hazimwambii kitu. Mpandishe kwenye gari la kusambaza siku moja, akamwone mganga anayeyasubiri.

"Timu isiyolalamika ina ari"

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alizipima timu za hospitali nchini Marekani, akitarajia kwamba zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zinazoripoti mengi. Alipochimba zaidi akaelewa: kwenye timu hizo watu waliweza kusema, na kwingine, kwa hofu ya msimamizi, makosa yalifichwa.

Kwetu ukimya unapendeza zaidi machoni, kwa kuwa unafanana na heshima. Kijana aliyemwamkia meneja wake shikamoo asubuhi, ni vigumu saa nne amwambie mbele za watu kwamba mpango wake hautekelezeki. Atasema "sawa, mzee," kisha atautekeleza nusu. Sasa badala ya kuuliza kikaoni, uliza pembeni, mmoja mmoja, swali dogo: wiki hii umekwama wapi? Majibu hayana makuu. Wino wa printa umekwisha, gari halina mafuta, fomu inasubiri saini. Usiyadharau. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walipitia karibu taarifa 12,000 za shajara za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238 katika kampuni saba, wakakuta kwamba siku njema kazini ni ile ambayo kazi imesogea, hata kwa kiasi kidogo. Mameneja walipoombwa kupanga mambo yanayowatia watu ari, hilo waliliweka mwisho.

Saini inayosubiriwa mara nyingi ni ya bosi mwenyewe. Aitie kabla hajauliza mara ya pili, la sivyo wiki inayofuata ataambiwa hakuna kilichokwama.