Ada ilifutwa, njia haikufupishwa

Juzi mzazi aliyefuata fomu ya uhamisho alipita dirishani saa nne asubuhi, akaona binti wa kidato cha pili amelaza kichwa mezani. Akanigeukia: "Mwalimu, serikali imeshatoa elimu bure. Asiyesoma siku hizi ni uvivu wake tu." Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya kata hapa Tanzania, na kauli hiyo naisikia kila kikao cha wazazi. Imenichosha.

Kilichofutwa ni ada. Kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikaondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016. Ni hatua kubwa na ninaishukuru. Mwaka ule wanafunzi walifurika mpaka wengine wakakaa chini. Lakini ada haikuwa mzigo pekee wala mkubwa kuliko yote. Sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kwa mzazi, na miongozo ya serikali yenyewe inasema hivyo.

Yule binti anaamka saa kumi alfajiri. Anachota maji, kisha anatembea karibu saa mbili, viatu mkononi ndani ya mfuko ili vifike Desemba. Anavivaa akifika getini. Hajala kitu. Jioni anafika kwao giza limeingia, anasoma kwa kibatari mpaka mafuta yaishe. Mwenzake anayekaa mjini analala hadi saa kumi na mbili, anakunywa chai, jioni ana tuisheni. Novemba wote wawili watafanya mtihani mmoja wa taifa. Uvivu uko wapi hapo?

Wengine umbali ukiwashinda wanapanga geto. Msichana wa miaka kumi na mitano, peke yake, kwenye chumba ambacho mlango unafungwa kwa kipande cha waya. Mimba nyingi ninazoletewa ofisini zimeanzia huko, halafu mtaa mzima unasema mtoto hakulelewa.

Na hapo kuna wanaoamini kwamba akishapata mimba, shule basi. Si kweli. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Tafadhali msikimbilie kupokea mahari. Njooni kwanza tuzungumze.

Mtoto mwingine akifeli, watu husema: "Hana akili, ona alivyoanguka fizikia na baiolojia." Huyo mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari moja akakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Nilimwita kijana mmoja, nikamwomba anieleze usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, kwa Kiswahili. Alieleza mwanga, maji, hewa ya kaboni, vyote, bila kukwama. Kwenye karatasi yake alikuwa amenakili swali lilelile kama jibu. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza hakupambana na hilo hata siku moja, na hakumzidi akili.

Wengine husema mtoto akiacha shule hasara ni ya familia yake. Nendeni zahanati yetu. Wauguzi wanaletwa kutoka mbali, hawajamaliza kuzoea njia za vijijini wanaomba uhamisho, na kina mama wanabebwa kwa bodaboda usiku kwenda kujifungulia mjini. Binti wa hapa akifika chuo cha uuguzi, ana nyumbani pa kurudi. Tunampoteza kidato cha pili kwa sababu ya njaa na kilomita.

Kilomita siwezi kuzipunguza mimi. Njaa tunaweza, na nitalisema hili mpaka nistaafu: chakula cha mchana shuleni. Muhula ambao wazazi walichanga mahindi, utoro ulipungua na wa kulala darasani nikawahesabu kwa vidole. Muhula uliofuata mchango ulikatika kwa sababu "elimu ni bure", jiko likazimwa.

Kikao ni Jumamosi saa tatu. Kila kaya debe moja la mahindi. Mwenye maharage alete maharage. Asiye na kitu aje kusaidia kukata kuni, mtoto wake atakula na wenzake.