Mbolea ya hewani: hewa ukaa inavyogusa maharage, muhogo na mahindi ya Kigoma

Ukitaja hewa ukaa Kigoma siku hizi, wengi wanawaza fedha za misitu, kama zile wanazolipwa wanavijiji wa wilaya ya Tanganyika kule Katavi kwa kulinda miti yao. Hapa nazungumzia jambo jingine: hewa hiyohiyo inapoingia kwenye jani la mharage, inafanya nini? Wataalamu wanalo jina lake, athari ya urutubishaji wa hewa ukaa. Maana yake ni kwamba hewa yenyewe inafanya kazi ya mbolea.

Mmea hujitengenezea chakula kwa maji, mwanga wa jua na hewa ukaa inayoingia kupitia vitundu vidogo vya jani. Huo ndio usanisinuru. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 tu zilikuwa za hewa ukaa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420, hasa kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe, na kwa kufyeka misitu. Hewa haina mpaka, kwa hiyo kilichoongezeka kinaelea juu ya Kasulu sawa na juu ya Chicago.

Basi mavuno yatapanda? Inategemea umepanda nini.

Maharage, muhogo, karanga, mpunga, migomba na michikichi yako kundi moja. Ndani ya majani yake kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kunasa hewa ukaa, ila mara nyingi kinanasa oksijeni kimakosa, na mmea unapoteza nguvu bure. Hewa ukaa ikizidi, makosa hayo yanapungua na mmea unakua haraka zaidi. Mahindi, mtama na miwa vina utaratibu tofauti: vina namna ya kusukuma hewa ukaa na kuirundika karibu na rubisko, kwa hiyo tangu zamani vimeshashiba. Mwaka wa mvua nzuri, mahindi hayapati cha maana. Faida yake huonekana mvua inapokatika katikati ya msimu, kwa sababu hewa ukaa ikiwa nyingi vitundu vya jani hujibana na maji kidogo zaidi hupotea.

Muhogo ndio unaoshangaza. Huko Illinois, Marekani, watafiti waliupanda shambani, wakazungushia mabomba yanayopuliza hewa ukaa hadi kiwango kinachotarajiwa miaka ijayo. Uzito mkavu wa mizizi uliongezeka zaidi ya maradufu. Mtu wa Kakonko au Kibondo akisoma hayo anaweza kuanza kuhesabu magunia ya makopa, lakini asiharakishe. Udongo wa Illinois una rutuba nyingi. Kwetu mashamba mengi ya miinuko yana tindikali na fosforasi haba, na mmea uliokosa fosforasi hauna la kufanya na hewa ukaa ya ziada. Wala hewa haitibu magonjwa ya muhogo kama batobato au michirizi kahawia. Nionavyo mimi, chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali, mbolea ya Minjingu yenye fosforasi na mbegu safi vitaamua mavuno yetu kuliko hewa, kwa miaka mingi.

Upande usiosemwa sana ni wa lishe. Matokeo ya majaribio ya mashambani yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ngano iliyokuzwa kwenye hewa ukaa nyingi ilipungukiwa zinki kwa takribani asilimia 9 na madini ya chuma kwa asilimia 5. Protini ya mchele ilishuka kwa karibu asilimia 8. Soya na njegere, jamaa wa maharage, nazo zilipoteza zinki na chuma, ingawa protini yake haikutikisika sana kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vya kunasa naitrojeni. Kwa familia ambayo mboga yake kuu ni maharage, na nyama ni ya sikukuu, upungufu wa namna hiyo si mdogo, hasa kwa mama mjamzito. Gunia linaweza kuwa na uzito uleule huku lishe iliyomo imepungua. Ndiyo maana aina za maharage zilizoboreshwa ziwe na chuma na zinki nyingi zinastahili kutafutwa.

Halafu kuna joto, kwa sababu hewa hiyohiyo inayolisha jani ndiyo inayoipasha dunia joto. Maharage hayavumilii usiku wenye joto: ukivuka kama nyuzi 20 wakati wa kutoa maua, chavua hudhoofika na maua hupukutika kabla ya kufunga maganda. Jani linakuwa limeshiba, ganda halipo. Kwa hiyo mkulima wa Manyovu, kule juu kwenye ubaridi, ana nafasi kubwa zaidi ya kunufaika na hewa hii kuliko mwenzake wa bonde la Malagarasi.