Si kila aliyezinduliwa aliona mwanga

Matangani hapa Kisumu hakosi wa kusema kwamba moyo ukisimama, lazima mtu aone mwanga na kulakiwa na jamaa waliotangulia. Sivyo. Daktari Pim van Lommel na wenzake, katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2001, walifuatilia wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama. Ni 62 tu, asilimia 18, waliokuwa na la kusimulia, na urefu wa muda moyo uliosimama haukuleta tofauti. Waliosalia hawakukumbuka kitu. Kwa hiyo shangazi akizinduka bila maono, msiupime wokovu wake kwa hilo (wapo wanaothubutu!). Maono yenyewe hayathibitishi ahera wala hayaikanushi. Waliosimulia wote walirudi wakiwa hai.