Matandazo ya mabaki ya mbao: yatandazwe, yasifukiwe

Matandazo ni chochote kinacholazwa juu ya udongo ulio wazi ili jua, upepo na matone ya mvua yasiupige moja kwa moja. Wahaya hukata nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio wazi, na kuzilaza chini ya migomba ya kibanja, shamba la nyumbani. Wachaga huacha majani na vigogo vya migomba vioze palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao. Hao hawahitaji kuelezwa. Maswali huanza pale kinachotandazwa kinapokuwa mti wenyewe: vumbi la msumeno, maranda ya fundi seremala, au matawi yaliyopitishwa kwenye mashine yakatoka vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Huyu atakwambia yanaua mimea, yule atakwambia yameiokoa bustani yake kiangazi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila mmoja aliyafukia na mwenzake aliyatandaza.

Palipo na msumeno, mabaki haya hupatikana bure au karibu na bure. Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, vumbi la misindano na mikaratusi hurundikana nje ya viwanda vya kupasulia mbao, na mengi huishia kuchomwa moto. Mjini ni tofauti kidogo, maana wafugaji wa kuku wa nyama wamewahi. Maranda ya maseremala hujazwa kwenye viroba na kupelekwa bandani, na fundi aliyekuwa akiyagawa bure sasa huenda akaomba chochote. Marekani na Uingereza, wakataji miti husaga matawi papo hapo barabarani, na kwa kuwa kuyatupa dampo kunalipiwa, huona heri kumwaga lori zima uani kwa mtu anayeyataka. Huku kwetu mashine za kusaga matawi ni chache. Matawi yanayokatwa chini ya nyaya za umeme hugeuka kuni kabla ya jioni, na siwezi kuita hiyo hasara.

Yakiwa juu ya udongo, mabaki ya mbao hufanya kazi ambayo nyasi hufanya, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mti hauozi upesi. Maji hayakauki haraka, magugu hukosa mwanga, udongo haupashwi joto kupita kiasi adhuhuri, na mvua kubwa haiuondoi. Vipande vikubwa vilazwe unene wa sentimita 5 hadi 10. Vumbi la msumeno lisizidi sentimita 2 au 3, kwani likiwa nene hugandamana na kufanya utando ambao maji huteleza juu yake bila kupenya. Mwagilia kwanza, ndipo utandaze. Na uache nafasi ya shubiri moja kulizunguka shina, kwa sababu gome likikaa na unyevu siku zote huoza.

Sasa tuje kwenye kufukia, maana ndiko mchicha unakogeuka njano.

Vijidudu vinavyoozesha vitu udongoni, yaani bakteria na kuvu, hula kaboni ili vipate nguvu na huhitaji naitrojeni ili vijenge miili yao. Chakula kinachowafaa kina sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe na majani mabichi haviko mbali na hapo. Vumbi la mbao liko mbali sana: sehemu 400 au 500 za kaboni kwa moja, na wakati mwingine zaidi. Ukilichanganya na udongo kwa jembe, unavipa vijidudu karamu ya wali bila mboga, navyo vitaitafuta mboga popote ilipo. Ilipo ni kwenye udongo uleule ambao mizizi ya mche wako inautegemea. Vijidudu vina kasi kuliko mizizi, hivyo vinashinda. Mmea unadumaa, majani ya chini yanakuwa njano, na mwenye bustani anadhani mbao zina sumu.

Kiasi kinachotekwa si kidogo. Kilo 100 za vumbi kavu la mbao zikichimbiwa chini zinaweza kudai kilo moja hadi mbili za naitrojeni ili zioze. Kwa mbolea ya urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, hizo ni kilo mbili hadi nne na ushee. Hata hivyo naitrojeni hiyo haipotei. Vijidudu vikifa huirudisha udongoni, lakini huo huwa ni msimu mwingine, na mchicha wa wiki nne hausubiri msimu mwingine.

Yanapokuwa juu, mbao na udongo hugusana kwenye tabaka jembamba tu. Wizi wa naitrojeni unafanyika hapo juu, wakati mizizi mingi iko chini zaidi. Ndiyo maana mpapai au mchungwa uliotandaziwa vipande vya mbao haulalamiki, huku mbegu ndogo za karoti zilizosiwa juujuu zikiona taabu. Kwa bustani ya mboga inayochimbwa kila baada ya miezi miwili, mimi naona nyasi zinafaa kuliko mbao, kwa sababu ni vigumu kuchimba bila kuchanganya. Mbao ziwekwe kwenye miti ya matunda, migomba, maua na njia za kupita.

Aina ya mti ina maana, lakini sehemu ya mti ina maana zaidi. Matawi membamba yana magome mengi, machipukizi na majani, na humo ndimo virutubisho vilimo. Huko Quebec, Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval akiwemo Gilles Lemieux waliwahi kushughulikia sana vipande vya matawi yenye kipenyo kisichozidi sentimita 7, wakaona vinajenga udongo vizuri kuliko mbao za gogo. Mkulima asiye na mashine anaweza kufika karibu na hapo kwa panga, akiyakatakata matawi mabichi mafupi mafupi. Mkaratusi ndio wa kuangalia: majani yake mabichi huzuia mbegu ndogo kuota, hivyo yaache yakae kwenye rundo miezi kadhaa kwanza.

Ukitaka mboji na si matandazo, huyo mfugaji wa kuku aliyekuwahi kwa fundi amekufanyia nusu ya kazi. Maranda yaliyokaa bandani wiki sita yamekwisha kunywa mkojo na kinyesi, na kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi kuliko samadi karibu zote za nyumbani. Yatoe bandani, yarundike kimo cha kiunoni au zaidi, loweka mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu, kisha funika. Siku chache tu rundo litapanda hadi nyuzi joto 55 au 60, na joto hilo huua mbegu za magugu na vimelea vingi. Ligeuze kila baada ya wiki moja au mbili ili hewa iingie. Harufu ya amonia ina maana naitrojeni inapaa hewani: ongeza maranda makavu. Lisipopata moto kabisa, basi ama ni kavu, ama mbao zimezidi kinyesi. Nyuzi nyeupe utakazoziona ni kuvu, na ndio hasa wanaoweza kumeng'enya sehemu ngumu za mti, kwa hiyo usizimwagie dawa. Maranda membamba huenda yakawa tayari baada ya miezi minne hadi sita, lakini vipande vikubwa vinaweza kupita mwaka.

Mchwa watakuja. Mti mkavu ni chakula chao, kwa hiyo usitandaze ukutani mwa nyumba wala kuzunguka mche mchanga. Kwenye miti mikubwa mara nyingi hula matandazo tu, na vishimo vyao hupitisha maji chini.

Lililo kubwa kuliko mchwa ni dawa. Mbao za kenchi na nguzo nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ndiyo inayozipa ule ukijani. Vumbi lake lina aseniki, nayo haiozi. Mabaki ya plaiwudi na MDF, yaani mbao za nyuzi za mti zilizogandishwa, yana gundi. Kiroba kilichochotwa chini ya meza ya fundi huwa kimechanganya vyote hivyo, kwa hiyo muulize amepasua nini wiki hiyo, au uchukue kwenye kiwanda kinachopasua magogo mabichi. Mbao za dawa zisitumike hata jikoni kama kuni, maana aseniki hupanda na moshi, inayobaki huwa jivuni, na jivu kwetu mara nyingi humwagwa bustanini.