Kuku mkorofi si lazima achinjwe
Wengi wanasema kuku akianza kudonoa wenzake basi ana roho mbaya, dawa yake kisu. Hapana jamani. Kuku wana vyeo vyao, wa juu anakula kwanza wa chini anasubiri, kudonolewa kidogo kichwani ni kawaida tu. Ikizidi angalia kwanza banda, wamebanana? Chombo cha chakula ni kimoja na yeye kakisimamia kama askari? Ongeza cha pili, kiweke mbali. Halafu watu humtenga anayeonewa, kosa! Mtenge huyo mbabe siku 3 au 4, akirudi anakuta wenzake washajipanga upya, mara nyingi kiburi kinapungua. Ila ukiona damu, aliyeumia mtoe fasta, maana wenzake wakiona wekundu wanazidi kudonoa hapohapo.