Je, wajua kwa nini Seyyid Khalid alingoja maji yajae?

Kila ifikapo 27 Agosti, vita vya Zanzibar vya 1896 hukumbukwa kwa jambo moja: dakika 38. Vita vifupi kuliko vyote duniani. Watu wakacheka, wakapita. Mimi kisa kinachonikaa ni cha wiki tano baadaye, ambacho hata mzinga mmoja haukulia.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa 3 na dakika 2 manowari zikaanza kupiga. Kasri likaporomoka, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wapatao 500 upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja. Kicheko cha dakika 38 hapo kinakatika.

Khalid akakimbilia kwa balozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakamdai, Mjerumani akakataa: mkataba wao wa kurudishiana wahalifu haukuwagusa watu wa siasa. Basi wakaweka askari nje, wamdake pindi akitia mguu nje. Balozi naye akaahidi kwamba mgeni wake hatakanyaga ardhi ya Zanzibar.

Sasa mtu ataondokaje kisiwani bila kukanyaga kisiwa? Mtu wa pwani jibu analo. Bahari ikipwa, mashua hulala mchangani huko mbali. Ikijaa, maji hufika ukutani. Na bustani ya ubalozi ilikuwa na lango la upande wa bahari. Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ilikuwa imeshafika. Maji yalipojaa, mashua yake ikasogea mpaka langoni. Khalid akanyanyua mguu bustanini, akautua ndani ya mashua. Kwa hesabu ya wanasheria, alitoka Ujerumani akaingia Ujerumani.

Akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko hadi Waingereza walipomkamata 1916, katikati ya Vita Kuu, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927, kwenye ukanda wa pwani ambao kwa karatasi ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar.