Usiguse skrubu kwanza: kwa nini sashe zako za unga hazilingani uzito

Nikiitwa kwenye karakana ya kufungasha unga hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza ninachoomba ni bisibisi ya fundi wa pale, na ninaitia mfukoni. Wenyewe wanashangaa, maana wameniita nirekebishe mashine. Lakini mara nyingi skrubu ya ujazo, ile ya kuongeza au kupunguza unga unaoingia kwenye sashe, ndiyo inayowaharibia kazi. Fundi anapima sashe moja, anaona imepungua gramu 6, anaizungusha kidogo. Inayofuata imezidi gramu 9, anairudisha. Ikifika saa sita mchana, sashe zimeachana kuliko zilivyokuwa asubuhi.

Jambo hilo lina hesabu yake. Mtakwimu wa Marekani, W. Edwards Deming, alikuwa akilionyesha kwa faneli na gololi. Faneli ikiachwa mahali pamoja, gololi zinaangukia huku na huku karibu na shabaha. Ukiisogeza kila mara ili kufidia kosa la gololi iliyotangulia, gololi zinatawanyika zaidi. Kwa sashe, ni kama mtawanyiko uliokuwa wa gramu 10 kufika gramu 14 hivi. Mashine yenyewe haina ugonjwa wowote. Ugonjwa ni mkono unaoifukuzia.

Mashine ninazozisema ni zile zinazopima kwa ujazo. Juu kuna tremi, yaani lile koni la bati linalopokea unga. Chini yake kuna ngoma yenye vikombe, inayozungushwa na mtu au na mota. Kikombe kinajaa, kinageuka, unga unaangukia kwenye sashe. Kikombe kinapima nafasi. Uzito unategemea unga umejipangaje ndani ya nafasi hiyo, na kila anayenunua unga kwa meka (kopo la kupimia) sokoni analijua: meka ni ileile, lakini muuzaji akimimina unga taratibu unabeba kiasi kimoja, akiitikisa na kuigonga unabeba kingine.

Kwa hiyo naanza na unga wenyewe. Chukua chupa ya plastiki iliyonyooka, mimina unga bila kuigonga, tia alama. Halafu igongegonge mezani mpaka unga ukatae kushuka tena, tia alama ya pili. Gawanya kimo cha kwanza kwa kimo cha pili. Hesabu hiyo inaitwa uwiano wa Hausner. Ukipata kama 1.1, unga wako unatiririka vizuri. Ukipita 1.25, jiandae kusumbuka. Ukikaribia 1.4, usimlaumu aliyekuuzia mashine. Masoso (unga wa uji wa mahindi, soya na mtama) yaliyosagwa laini sana, hasa yenye soya nyingi, yanaangukia upande huo mbaya, kwa sababu soya ina mafuta na chembe ndogo zinapenda kushikana. Mara nyingine dawa ni kubadilisha chekeche kwenye mashine ya kusaga tu, unga uwe na chembe kubwa kidogo, na mtawanyiko unapungua bila kugusa kingine chochote.

Majira ya mvua yanazidisha tatizo. Unga unavuta unyevu, unashikana na kujenga daraja lisiloshuka ndani ya tremi, kikombe kinapita chini yake kikiwa nusu tupu. Wengine wanapiga tremi kwa nyundo. Daraja linavunjika, ni kweli, lakini unga wa chini unashindiliwa, na sashe zinazofuata zinakuwa nzito. Afadhali uhifadhi mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na ufungue ule tu unaotumia.

Sasa tuje kwenye tremi, ambako ndiko ninakokuta gramu nyingi zimepotea. Watu wanaijaza mpaka pomoni, wanaiacha ishuke mpaka bati la chini lionekane, wanajaza tena. Mhandisi Mjerumani Janssen alionyesha mwaka 1895, kwa nafaka ndani ya ghala refu, kwamba shinikizo la chini haliongezeki bila kikomo kadiri unavyojaza, kwa kuwa kuta zinabeba sehemu ya uzito. Tremi zetu ni fupi, hazifiki hapo, kwa hiyo kila kibakuli unachoongeza kinasikika kwenye kikombe. Njia rahisi ni kuweka kibati kidogo kama paa ndani ya tremi, juu kidogo ya ngoma, unga upite pembeni. Kibati kinabeba ule mzigo wa juu, na kikombe kinajazwa na unga ulio karibu tu. Pamoja na hicho, usiache unga ushuke chini ya nusu ya tremi.

Kisha mkono. Nilimwangalia mama mmoja wa komuni ya Katuba, hapa mjini, akivuta mpini: mwendo wake ulikuwa mzuri kuliko mota nyingi. Ila sashe ziliposhikana, alisimama kuzitenganisha huku kikombe kimejaa, na mashine ya kusaga ikiunguruma kwenye meza ileile. Unga ulijishindilia kimyakimya.

“Mama, huo uliongoja, rudisha kwenye tremi.”

“Wote, papa?”

“Hapana, wa kikombe hicho tu.”

Mashine ya kusaga tuliitenga, ikapewa msingi wake wa saruji.

Skrubu inaruhusiwa lini? Pima sashe 20 zilizofuatana, toa uzito wa sashe tupu, tafuta wastani, na uone pengo kati ya nyepesi na nzito. Wastani ukiwa umehama, zungusha mara moja, kisha pima nyingine 20. Pengo likiwa kubwa, skrubu haiwezi kulisaidia. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linakubali sashe ya gramu 500 ipungue mpaka gramu 15, lakini wastani wa sashe zote za mzigo usipungue chini ya uzito ulioandikwa. Mwenye pengo kubwa analazimika kuzidishia kila mtu ili asiwapunje wachache: gramu 8 za ziada kwenye sashe 1,000 ni kilo 8, yaani sashe 16 za bure.

Hayo yote ni bure kama mizani inadanganya. Iwashe mapema ipate joto, ikinge na upepo wa feni, na iweke mbali na meza inayotetemeka. Tena mizani ya kielektroniki inasoma mvutano wa dunia, na huku kwetu, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, mvutano ni mdogo kuliko Ulaya. Iliyosawazishwa Paris itakuonyesha kilo moja kama gramu 997. Utaongeza unga kufikia namba, na utatoa gramu moja na nusu zaidi kwa kila nusu kilo. Mizani ya mikono miwili yenye mawe haina shida hiyo. Ya kielektroniki unaisawazisha papa hapa kwa jiwe la gramu 500 la daraja la usahihi la M1, unaloshika kwa kitambaa kikavu na kulitunza kwenye kijisanduku chake. Lisitumike kuzuia mlango, kama nilivyolikuta mahali fulani.